Baba anauliza ng'ombe kwa majina, nasi tumeshawauza

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane ya usiku. Mwanangu amelala, ila baba yangu yuko macho chumba cha pili, namsikia anavyogeuka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Sakina hapa Arusha na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Baba ana miaka 76. Ni mfugaji wa upande wa Monduli, na tangu nipate akili sikumbuki akilala mbali na zizi lake zaidi ya siku mbili tatu.

Mwezi wa pili aliteleza korongoni akimfuata mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliyebaki nyuma, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, na daktari akashauri akae karibu na hospitali miezi mitatu au zaidi. Ndipo nikamleta kwangu.

Gharama zilitushinda, Shangazi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ameajiriwa Dodoma, alikuja wakakaa na mdogo wetu aliyebaki bomani. Wakatoa ng'ombe 11 kati ya 38, wakawapeleka mnadani Meserani. Malisho nayo yalikuwa yamekauka. Mimi nilipigiwa simu na nilikubali, sitaki kujitoa. Tulipatana baba asiambiwe mpaka apate nafuu, tukihofia presha yake. Katika hao 11 alikuwemo Narok, ng'ombe mweusi anayetangulia kundi, ndiye mvaa kengele. Alikuwa na mwili kuliko wenzake, kaka akasema huyo ndiye atakayeleta hela. Mdogo wetu alimvua kengele usiku, kabla ya safari, na mpaka leo ameificha ndani ya sanduku lake la nguo.

Kila siku saa kumi na mbili jioni baba anachukua magongo yake na fimbo, anakwenda kusimama getini. Mbele yake kuna barabara, bajaji na bodaboda. Anasimama mpaka giza liingie. Majirani walidhani amechanganyikiwa, mpaka siku ile aliponiamsha alfajiri akaniambia, "Mwambie mama wa jirani, yule ng'ombe wake anataka dume." Alimsikia akilia usiku. Jirani akamwita mtaalamu wa uhimilishaji, anayepandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, siku ileile, na ng'ombe ameshika mimba.

Wiki mbili zilizopita alizungumza na mdogo wetu kwa simu. Akauliza wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa majina. Mdogo wangu akawa anajibu, mzima, mzima, mzima. Mwisho baba akasema, "Peleka simu zizini, wanaingia sasa hivi." Ikapelekwa. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama dakika kumi. Kisha akasema, "Kengele ya Narok siisikii." Mdogo wangu akasema imekatika kamba. Baba akanirudishia simu. Hajauliza tena, na tangu siku hiyo chakula anakigusa tu.

Sasa kaka anataka hao 27 waliobaki wauzwe kabla ya mwisho wa mwezi, tununue kiwanja Kisongo na bajaji mbili zilete hela ya kumtunza mzee. Anasema ng'ombe ni mali kama mali nyingine, na baba hawezi kuchunga tena. Huenda ana hoja. Lakini usingizi umenikimbia.

Na kuna jambo lingine naona aibu kuliandika. Naumia. Mwanangu aliugua homa siku tano, baba hakuniuliza hata mara moja hali yake. Asubuhi yeye ni maziwa tu: yamefika? Mtoto kanywa? Kamaliza? Kisha anarudi kwenye ng'ombe wake. Najiuliza kama sisi watoto tumewahi kupendwa hivyo.

Tumwambie au tuendelee kunyamaza? Na hao 27 tufanyeje?

Asiyelala, Sakina.

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzee, na pole wewe uliyebeba siri ya ndugu watatu ndani ya nyumba moja na mwenye mali.

Nianze na kengele, maana hapo ndipo barua yako ilinishika. Baba yako anajua. Mchungaji akiambiwa kengele imekatika kamba, anachotarajia kusikia baada yake ni "naitafuta" au "nimeifunga upya". Mdogo wako hakusema neno hilo. Mzee akarudisha simu, akanyamaza, kwa sababu alikwisha kujibiwa. Asichojua ni nani mwingine ameondoka, ameondokaje, na kwa nini watoto wake wameona hastahili kuambiwa. Mnadhani mnamkinga na habari, kumbe habari anayo. Amekosa tu mtu wa kuizungumza naye.

Mimi nimezaliwa Longido. Nimekamua kabla sijajua kusoma. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyetaja idadi ya ng'ombe, wazee hawakupenda mifugo ihesabiwe kwa namba kama magunia. Jioni mama alisimama upande mmoja wa lango na baba upande wa pili, kundi linapita katikati, na mwisho mmoja wao anasema, "Yule mwenye pembe ya kuinama hayupo." Kilichowaambia ni pengo, kama wewe unavyoingia darasani ukaona dawati fulani liko tupu kabla hujafungua kitabu cha mahudhurio. Wewe ni mwalimu, hili utanielewa. Kwa hiyo hata kama mngefanikiwa kumficha miezi mitatu, siku atakayorudi bomani, jioni ya kwanza tu, siri ingeisha kabla ng'ombe wa mwisho hajavuka lango. Na angeipata amesimama kwa magongo mbele ya watu.

Naomba pia nikueleze kilichopo kati yake na wale wanyama, maana nadhani umekulia karibu nacho mno hata hukukiangalia. Ng'ombe wetu wa asili hatoi maziwa kwa mtu yeyote tu. Tulikuwa tunamleta ndama kwanza, ananyonya upande wake, mama anakamua upande wa pili, huku anamwita ng'ombe kwa jina, taratibu, kwa sauti ileile ya jana na juzi. Siku mama alipougua nikaenda mimi na haraka zangu za shule, ng'ombe mmoja aliyabana maziwa yote. Nikavuta mpaka vidole vikauma. Wataalamu wa mifugo wanaeleza jambo hilo bila kuzunguka: ng'ombe akiwa na hofu, homoni ya kushusha maziwa inazuiwa. Anaitambua sauti, anaitambua sura, anajua nani humpiga na nani humwondolea kupe. Mapenzi ya mzee wako yanajibiwa, mwanangu. Kuna viumbe 27 kule ambavyo kila jioni havisikii mluzi vilivyouzoea.

Mwaka 2009, ule ukame mkubwa, nilirudi nyumbani nikamkuta baba yangu amekonda kuliko hata ng'ombe. Kila alfajiri yeye na kaka zangu walikwenda zizini kuwanyanyua. Mmoja anashika mkia, mmoja pembe, mwingine anaingiza bega chini ya tumbo, hesabu moja, wanamsimamisha. Ng'ombe anatetemeka, miguu imetanuka, na baba anaegemea ubavu wake mpaka apate nguvu ya kupiga hatua. Akisimama huyo, wanakwenda kwa mwingine. Wengine walisimamishwa hivyo wiki tatu, na mvua ilipokuja, baridi yake ikawachukua. Baba hakulia mbele yetu. Lakini kwa mwaka mzima, tukikaa kula, alikuwa anatueleza habari za mmoja mmoja: nani alizaliwa na nani, nani aliwahi kumzuia fisi, nani alikuwa mlafi wa chumvi. Tulimwacha azungumze, na naamini ndicho kilichomponya. Wako hajapata hata mtu wa kumweleza habari za Narok.

Sasa nikuulize jambo ambalo kaka yako wa Dodoma huenda hakuliuliza. Hao 11 walikuwa wa nani? Utasema wa baba. Si wa baba peke yake. Katika boma la Kimaasai kila nyumba ina ng'ombe wake waliotengewa mke kwa ajili ya maziwa ya watoto, na baadaye huwa urithi wa wanawe. Bibi harusi anapofika kwa mumewe husita, hapigi hatua mpaka aahidiwe mifugo, na ng'ombe wa ahadi hizo huwa chanzo cha ukoo mzima. Humtaji mama yako mahali popote kwenye barua, nami nahisi ametangulia mbele za haki. Kama Narok ni wa ukoo wa ng'ombe wa mama yako, basi baba anapouliza habari za ng'ombe yule, kuna mtu mwingine anamuulizia pia. Halafu wapo ng'ombe wa rafiki. Mzee akipewa ng'ombe na mwenziwe kwa osotua, ule undugu wa kusaidiana wakati wa shida, wawili hao hawaitani tena kwa majina, wanaitana "Pakiteng", kwa sababu ya ng'ombe aliyepita kati yao. Mkimuuza ng'ombe wa namna hiyo kimyakimya, mmegusa mkataba wa watu wawili, na wa pili hamkumuuliza. Siwalaumu kwa kuuza. Hospitali inataka fedha, na mzee yeyote mwenye akili angetoa ng'ombe apone mguu. Kosa lenu ni kumchagulia ng'ombe wa kutoa. Angeulizwa, angewatajia kumi na mmoja wengine palepale kitandani, nanyi mngepata fedha zilezile.

Kwa hiyo mwambieni. Wiki hii, isivuke. Asiambiwe kwa simu, na usimwambie wewe peke yako kwa kuwa ndiye uliye naye. Kaka yako apande basi aje, maana ndiye aliyeongoza, na mdogo wenu ashuke kutoka bomani. Mtafuteni mzee mmoja wa rika la baba, anayemheshimu, aje akae pembeni. Namna ya kuomba radhi kwa mila mwulizeni yeye, atawaelekeza la kubeba na la kusema. Jambo dogo lakini zito: baba anaishi kwa mkwe wake. Mwanamume wa umri wake hawezi kukasirika wala kulia sebuleni kwa mkwe. Mtoeni nje, chini ya mti, au mwombeni mumeo kwa heshima awaachie nyumba siku hiyo. Na kwa kuwa mna hofu ya presha, hakikisheni dawa zake amekunywa, na mpitie kwanza kwa daktari wake mwulize.

Mkianza kusema, msianze na fedha. Wala msiseme "tuliuza 11". Tajeni mmoja mmoja, jina, rangi, na aliyemnunua kama mnamjua. Mkimaliza mmoja, subirini. Ataguna, au atauliza swali, au atakaa kimya. Mwacheni akae. Ukimya wa mzee si nafasi ya kijana kuingiza maelezo. Stakabadhi za mnada mwe nazo, ila ziwe mfukoni mpaka aulize.

Narok mwenyewe mtafuteni, lakini msimpe mzee ahadi. Mnunuzi wa mnadani huondoka na stakabadhi na kibali cha kusafirisha mifugo, kwa hiyo mahali pa kuanzia papo. Akiwa amechukuliwa na mtu wa kunenepesha au mfugaji mwenzenu, huenda bado anakula majani mahali fulani na anaweza kubadilishwa kwa maksai, madume waliohasiwa, wawili. Akiwa alikwenda kwa mchinjaji, mwambieni hivyohivyo. Msimtungie mzee hadithi nyingine ya kamba iliyokatika.

Kuhusu hao 27, mwambie kaka yako asimamishe. Namwelewa. Yuko mbali, anaona mdogo wenu peke yake na kundi, malisho hakuna, mzee ana chuma nyongani, na bajaji inaleta hesabu kila jioni. Tena katika jambo moja yuko sahihi kabisa: kundi lile kwa nguvu zilizopo sasa ni kubwa. Kijana mmoja hawezi kuchunga, kuchota maji, kupeleka josho, kufuatilia chanjo ya ndigana, ugonjwa wa kupe, kwa ndama na kulala macho usiku. Kupunguza ni busara, na kupunguza mapema kabla kiangazi hakijawakondesha ni busara zaidi, sote tuliyaona ya 2009. Lakini apunguze mwenyewe mzee. Yeye ndiye anayejua yupi ameruka misimu miwili bila kuzaa, yupi ana titi lililokufa, yupi ni mzururaji anayewapoteza wenzake, na yupi mkimuuza mmeua ukoo. Mwulizeni, "Baba, tubaki na wangapi ambao kijana anawaweza?" Mtashangaa. Pengine atataja kumi na tano, na atakuwa mkali kuliko nyinyi. Bajaji nunueni moja kwa watakaotoka humo. Kiwanja kitasubiri.

Na arudi nyumbani mapema kadiri daktari atakavyoruhusu, hata kama hatachunga. Wazee wengi hawachungi, wana vijana. Kazi yao ni lango. Mwekeeni kigoda imara chenye kimo, maana nyonga ile haitaki kukaa chini sana, pembeni ya lango la zizi, na uwekwe mti wa kujishikia. Asubuhi anaambia kundi liende upande gani, jioni anawapokea. Mpaka siku hiyo, simu ya jioni iendelee, ila sasa iwe ya kweli. Kuhusu jirani yako, mwambie amruhusu mzee aketi bandani kwake saa moja kwa siku. Ng'ombe wa kufungiwa, anayeletewa majani ya tembo na mashudu, ni tofauti na wa kwetu, lakini mzee atapata kitu cha kutazama, na jirani ameshaonja faida yake.

Limebaki la kwako, lile uliloona aibu kuliandika. Mwanangu, rudia barua yako. Umesema mtoto aliugua homa siku tano na babu hakuuliza hali yake. Mstari unaofuata umesema kila asubuhi anauliza: yamefika? Mtoto kanywa? Kamaliza? Wewe umesikia maziwa. Mimi nimesikia mzee anayeuliza hali ya mjukuu kwa lugha pekee aliyofundishwa. Kwetu mtoto mgonjwa hupimwa kwa kibuyu: akimaliza, usiku utapita salama, akibakisha, watu hawalali. Hukuniambia alikuwa analala saa ngapi siku zile tano. Mwulize mumeo kama alimsikia akitembea.

Hata hivyo sitakuambia usiumie, kwa sababu mtoto anahitaji pia kuambiwa kwa lugha anayoielewa yeye. Mwambie baba. Siku nyingine, si siku ya Narok. Mwambie, "Baba, mimi nakupenda, na ningefurahi siku moja uniulize nimelalaje." Huenda atakujibu kwa kukupa mtamba. Mpokee.

Mwisho ni kuhusu sanduku la mdogo wako. Amekaa na kengele ile usiku mwingi, na kama ni mchungaji wa kweli, naye analia kwa upande wake. Siku mtakayokuja kusema, aje nayo. Asiifute, iwe na udongo na manyoya yake kama ilivyovuliwa. Mkishamtaja Narok, mdogo wako ainame apewe mkono wa kichwani, aiweke kengele kwenye kiganja cha mzee, arudi nyuma. Msimwambie aifanyie nini. Kundi halijapata wa kulitangulia, na yeye anajua ni nani kati ya wale waliobaki anayefaa kuivaa.